Breki Nilizozisingizia

Bweni la Waendesha Baiskeli,
Chumba Namba 6,
Alhamisi, 18 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu wakuhamishie zamu ya mchana? Na mapacha, bado wanagombania kukaa dirishani? Mimi ni mzima wa mwili. Mtulinga niliovunjika mwaka jana umeunga vizuri, hauumi hata asubuhi za baridi. Kinachoniuma kiko kwingine, na ndicho kilichonishikisha kalamu.

Najua Mama amekupigia simu akakwambia nimekuwa wa kumi na tano kwenye mbio za Jumapili kwa uzembe wa fundi wa timu. Mjomba, si kweli.

Zilibaki kilomita nne. Mbele tulikuwa wanne, wenzangu wanahema kama mvukuto, mimi miguu bado inadai. Kumi wa kwanza ndio wanaoitwa timu ya taifa. Tukaanza kuushuka mteremko wa kiwanda cha saruji, kuelekea kona ile ile niliyoangukia mwaka jana. Nilipouona ukuta wa kiwanda tu, vidole vikafumbata breki vyenyewe. Nikavikemea, wapi! Wale watatu wakapotea, kisha wengine wakanipita mmoja mmoja, na mimi nimeng'ang'ania breki kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake.

Kwenye utepe wa kumalizia kocha alinijia macho yamemtoka. "Mbio zilikuwa zako hizi! Kumetokea nini?"

Ulimi ukanitangulia. "Breki zilijikaza."

Fundi wetu, mzee tunayemwita Spana, akaiinua baiskeli na kulizungusha gurudumu. Likazunguka laini, bila mkwaruzo. Lakini macho yake yalikuwa kwangu, si kwenye gurudumu. Kocha akamwambia mbele ya timu nzima kwamba Jumanne akabidhi funguo za stoo.

Siku mbili chakula kilinikataa. Mama naye, kwa uchungu wa mwanawe, akawa anamsema fundi mtaa mzima. Jumanne asubuhi nikamkuta Spana stoo, anafunga vifaa vyake ndani ya shuka kuukuu. Vyuma vilikuwa vinagongana, na kila mlio ukinichoma. Nikapiga moyo konde, nikaenda ofisini.

"Kocha, breki zilikuwa nzima. Niliogopa."

Akasema, "Usiniambie mimi. Kamwambie yeye, na wenzako wasikie."

Nikasema mbele ya watu kumi na mmoja.

"Miaka kumi na tisa sijatoa baiskeli mbovu hapa," Spana akajibu. "Ungesema umeogopa, binti yangu, nani angekucheka? Sote tulikuona ulivyoanguka."

Nikaomba radhi. "Nimesikia," akasema, akaanza kulifungua shuka lake. Kwamba amesamehe, hakusema.

Kocha amemrudishia funguo na kumtaka radhi. Mimi ameniondoa kwenye mbio mbili zijazo, nami sina la kulalamika. Mama nitamwambia mwenyewe Jumamosi, kisha niende naye kwa fundi. Nakuomba sana, Mjomba, asilisikie kwako kwanza.

Jana nilipokwenda kuchukua baiskeli, Spana aliwaita wenzangu wawili wasogee.

"Bana breki."

Nikabana.

"Zikoje?"

"Ziko sawa."

"Sema tena, huyu wa nyuma hajasikia."

Nikasema tena. Leo imekuwa vivyo hivyo, na kesho najua yananingoja hayo hayo. Ila leo nilipogeuka kuondoka, alinishika bega, akanikazia mkanda wa kofia uliokuwa umelegea, kisha akarudi kwenye kazi yake bila kunitazama.

Nisalimie mkaza mjomba, mapacha, na jirani yako mshona viatu. Mwambie safari hii medali hakuna, asinisubirie. Mungu akupe nguvu kazini na akurudishe nyumbani salama kila siku.

Akupendaye sana,
Kitindamimba wa dada yako.