Misa za Aliyezama Kivukoni

Alhamisi, 7 Agosti

Ukiliokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Neno la humu lisimfikie sir wala bibi yangu.

Asubuhi, ofisini Al Ras, huku Uarabuni, nilikuwa napanga hati za forodha za iliki. Sir, mwajiri wangu, akaingia. Familia yake inakwenda Uskoti kupumzika, nami nifuatane nao nishughulikie hoteli na tiketi. Akautaja mji. Ndio mji wa feri alikozama baba yake Bibi Monika.

Alikuwa fundi Mskoti kwenye shamba la mkonge, Korogwe. Alikwenda kwao kuwaona wazazi, ikaja barua kwamba amezama. Bibi alikuwa na miaka mitatu. Tangu nipate akili, kila Novemba anamwombea misa.

Ijumaa, 8 Agosti

Otieno, tunayeshiriki naye chumba hapa Karama, kanicheka. "Kitukuu cha Mzungu! Ukirithi ngome, usitusahau sisi masoja wa geti." Sikucheka.

Bibi kanipigia. "Mjukuu wangu, ukaone alipolala. Uje uniambie."

Jumatano, 13 Agosti

Tumefika Uskoti. Mvua. Baridi, na huu ni Agosti. Pasipoti yangu anayo sir. Kesho wanavuka kwenda kisiwani. Nitasema tumbo linaniuma. Naogopa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimedanganya. Feri ilipoondoka nikakimbilia makaburini.

Jina lake lipo. Tarehe nimeisoma mara tatu. Alikufa miaka thelathini na moja baada ya ile barua. Mume mpendwa. Watoto wanne, wote kwa majina. Bibi hayumo.

Mzee aliyekuwa akifyeka nyasi akaniuliza kama namjua. Nikasema aliwahi kufanya kazi kwetu Afrika.

"Huyu? Alikuwa akifunga kamba za feri pale gatini. Sisi watoto alitufukuza kila siku! Mkali, ila mcheshi."

Simu ikalia. Sir. "Yalla, haraka, uko wapi? Hoteli wanasema umetoka." Nikasema nimefuata dawa. Nilipokata, nikagundua simwogopi yeye tena. Namwogopa Bibi.

Miaka yote ile alimwombea pumziko la milele mtu aliyekuwa nyumbani kwake anakunywa chai.

Jumapili, 24 Agosti

Karama. Bibi kanipigia alipotoka kanisani. Nimemwambia kaburi lipo, limetunzwa, na bahari inaonekana.

Akamshukuru Mungu. Kisha: "Tarehe uliiona? Padri anataka kuiandika."

Nikamtajia siku na mwezi. Mwaka sikuutaja.

Naye hakuuliza.