Vyuma vya Kilo Nne

Mdogo wangu wa pekee,

Sisi hatujambo, ila nimegombana dukani. Nilitaka vyuma vya mazoezi, muuzaji akaniletea vya kilo moja, rangi ya waridi.

"Dada, hivi ndivyo vya kina mama."

"Kaka, kikapu changu cha sokoni kinavishinda hivi! Nani alikudanganya kwamba wanawake hubeba manyoya?"

Nikatoka na vya kilo nane, kifua mbele.

Nyumbani nilinyanyua mara tatu, mkono ukagoma. Nimevirudisha kimyakimya, nikachukua vya kilo nne. Hivi nafika mara kumi, mbili za mwisho kwa kuuma meno. Ndio uzito wa kuanzia.

Jumanne Mama aliniponyoka nikimtoa kitandani. Hakuumia. Alisema tu, "Mdogo wako alikuwa ananibeba kama mto." Tangu uondoke anaikumbuka mikono yako, nami naikumbuka zaidi yake.

Mwezi ujao nitapanda hadi kilo tano. Lakini Mama naye anapungua kila wiki. Nitamweza, ila sitaki kumweza kwa njia hiyo.

Njoo angali mzito.

Dada yako mgomvi