Anwani Ndani ya Kola

Alhamisi, mvua imetulia

Nilidhani Akinyi amenipotezea wateja wote. Jioni binti yangu huyu aliniambia, "Mathe, nimeficha ile nukta html mwisho wa anwani ya tovuti yako. Sasa ni fupi, inaishia tu kwa neno magauni."

Ile ndefu nimeidarizi ndani ya kola za majoho ya kwaya nzima ya Buruburu, ili mtu akipenda mshono wangu aisome, anitafute. Sasa atafika wapi?

"We mtoto, si ungeniuliza kwanza!"

"Tulia, Mathe. Nimeiambia seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti yako, anayekuja na ile ndefu imlete hapa hapa. Jaribu."

Nikaandika ile ndefu kwenye simu yake, herufi moja moja. Nikabonyeza. Ule mkia wa html ukayeyuka wenyewe, kama ukungu juu ya mabati ya Tassia, na magauni yangu yakatokea, lile la samawati mbele. Nikamwambia asizime simu kwanza.

Vitu nisivyoviona bado naviogopa. Lakini nawaza watu nisiowajua, wakichungulia kola za wenzao kanisani, wakija kwangu polepole, hata wale walioshika njia ya zamani...