Mluzi wa Vitus

Jumanne, 2 Julai 2024
Baridi ya kukata masikio. Mwalimu Evodia kaja na daftari la Vitus. Daftari la mume wangu — mikononi mwake! Anasema marehemu alimwazima Januari, kabla hajaanza kuugua.

Nimelisoma lote. Historia ya mashindano ya njiwa, kwa mwandiko wake wa kulala. Wabelgiji na makapu yao ndani ya treni. Vijana waliokimbia na njiwa mkononi hadi kwa waamuzi, kabla hazijakuwepo saa za kupimia muda. Barcelona, ambako njiwa wa nchi nyingi huachiwa asubuhi moja, kila mmoja akatafute kwao.

Hayo yote alimsimulia Evodia. Mimi, miaka kumi na tisa ya ndoa, hakunisimulia Barcelona. Alijaribu mara moja. Nikamwambia ugali unapoa.

Jumatano, 3 Julai
Yusto, katibu wa klabu, kapita. Jumamosi njiwa wataachiwa Laela. Mshindi huandikwa ubaoni. Vitus aliwahi kuwa wa pili mara tatu. Wa kwanza, hakuwa hata mara moja.

Nikasema Kijivu, njiwa wake, ataruka kwa jina la Vitus. Hii ndiyo mara ya mwisho, dume lenyewe limezeeka.

Yusto kacheka. Eti shemeji, huyo mzee atashuka kwanza kula mahindi ya wafanyabiashara, atafika na gunia!

Alhamisi, 4 Julai
Evodia tena. Tangu jana kamtenga Kijivu na jike lake, Mweupe. Kesho ataonyeshwa jike kidogo tu, kisha kapuni. Hapo ndipo dume hurudi mbio.

— Wazungu wanaiita njia ya ujane, alisema. Halafu akaziba mdomo. Samahani, dada Kristiana. Jamani, samahani.

Nikasema si kitu. Uongo. Mweupe atangoja siku moja, wake atarudi. Namwonea wivu njiwa — mimi, mama mzima!

Ijumaa, 5 Julai
Kijivu kaondoka na basi la jioni, pete ndogo ya mpira mguuni. Evodia alimshika kama anashika yai. Mimi alinidonoa.

Jumamosi, 6 Julai
Saa 2:00. Yusto kapiga simu kutoka Laela: wameachiwa. Upepo unawasukuma kuja huku.

Nimekaa uani na daftari hili. Evodia yupo, saa ya klabu mapajani. Njiwa akitua haitoshi. Lazima aingie bandani, avuliwe mpira, mpira utiwe kwenye saa. Hapo ndipo muda unahesabiwa.

Saa 3:06. Kijivu! Peke yake! Wa kwanza! Nimepiga kelele hadi Jenifa, binti yangu, katoka na sufuria.

Saa 3:08. Yuko juu ya paa. Haingii. Nimetikisa kopo la mahindi. Nimemwonyesha Mweupe. Anageuza shingo tu, kama anasikiliza.

Anasubiri mluzi. Vitus alikuwa akiwapigia mluzi alfajiri, mrefu, halafu mifupi miwili — au mitatu? Mwaka juzi nilimkaripia. Nyamaza, kichwa kinaniuma! Akanyamaza. Hakuupiga tena hapa nyumbani. Njiwa wakawa wanafanyiwa mazoezi Mollo, kwenye uwanja wa shule ya Evodia.

Saa 3:09. Jenifa anaonyesha juu. Vidoa viwili, upande wa Laela.

— Dada, kasema Evodia taratibu. Naujua. Nimwite?

Nimejaribu mwenyewe. Upepo mtupu, na mate. Kijivu kasogea mbali kidogo.

Vidoa vina mabawa sasa. Evodia kalowesha midomo, hapigi. Ananitazama. Atautoa sawasawa kabisa, najua, nami nitausikia uani kwangu, kutoka kinywani mwake. Mwite, nimesema.