Ushuhuda Niliotoa Kabla ya Wakati

Jumatano, Kasulu. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na baridi ya huku kwetu haina huruma na mtu aliyelowa. Naandika kwa simu, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, na nyongo imenijaa hadi kooni. Asiyetaka kusoma hasira za mama wa mtu aishie hapa.

Binti yangu Riziki ana miaka minane na ana kifafa. Jumatatu mchana nilitoka kidogo kuchukua kuni, huku nyuma akaanguka kwenye mafiga, maragwe yakiwa yanachemka. Mkono wa kushoto umeungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Sasa hivi amelala, wamemfunga bandeji.

Hiyo ndiyo habari. Sasa kosa langu.

Kanisani kwetu tuna desturi ya kushuhudia kwa imani. Huna haja ya kusubiri jambo litokee. Unasimama mbele unashukuru kana kwamba limeshatokea, watu wanapiga vigelegele, halafu Mungu, wanasema, hataliacha neno lako lianguke chini. Wengine hushuhudia mume, wengine kazi. Mwezi uliopita nami nilisimama nikashuhudia kwamba Riziki amepona. Tena nikazidisha: kopo lake la vidonge nikaliweka madhabahuni, kwaya ikiimba. Mchungaji alisema kumeza dawa baada ya kushukuru ni kumwita Mungu mwongo.

Nilijiona shujaa wa imani. Mjinga mimi!

Wiki tatu mtoto alikaa salama, nami nikatamba. Nikampigia mama yangu Kibondo, nikamsimulia huku nalia kwa furaha. Mama alikimbia kutoka Burundi na mimi mgongoni, na ibada hakosi hata akiumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, akimtaja Mungu kwa Kirundi, "Imana ni wetu, mwanangu. Lakini vidonge unampa?" Nikamkatia simu. Mama yangu mzazi, nilimkatia simu.

Tangu Jumatatu naomba. Naomba nikifua nguo zake, naomba nikiwa kwenye foleni ya uji. Kimya. Hata ile amani ya moyoni wanayoihubiri kila Jumapili sijaionja. Ee Mungu, mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, wewe ulikuwa wapi?

Jana walikuja mama wawili wa kikundi cha maombi, wameleta ndizi. Wakaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nilishuhudia kwa mdomo ilhali moyo ulisita, ndiyo maana. Jamani! Kidonda cha mtoto bado kibichi, wao wananipima imani. Nikauma meno nikawashukuru kwa ndizi. Walipoondoka nililia chooni.

Lakini lililo baya zaidi bado sijaliandika.

Siku tuliyofika, nesi aliniuliza kama mtoto anameza dawa zake. Nikajibu anameza kila siku, hajakosa hata mara moja. Sikuogopa kufokewa, maana yule nesi ni mpole kuliko dada zangu. Niliona nikisema ukweli atakayeaibika ni Mungu, tena mbele ya mtu ambaye si wa dhehebu letu. Kwa hiyo nilidanganya ili nimsitiri Mungu. Nikiliandika hivi nauona upuuzi wake, ila Jumatatu lilinitoka mdomoni kama sala.

Leo nesi kaniambia kwamba kesho daktari atambadilishia Riziki dawa, ampe kali zaidi, kwa kuwa hizi zimeshindwa.

Hazikushindwa. Ziko kwenye kabati la kanisa, pamoja na vikombe vya meza ya Bwana.

Nimekaa na neno hilo tangu saa nne asubuhi, na sasa nimeamua. Kesho, kabla daktari hajapita, nitamwambia nesi kila kitu, anione ninavyostahili kuonekana. Jumapili nitasimama palepale mbele niufute ushuhuda wangu, wapende wasipende, na kopo nitalidai.

Bado nakuamini, Mungu. Wa kumwamini mwingine sina, na hilo nalo linaniuma. Ila kazi ya kukusemea nimeiacha leo. Ukiwa na neno, sema mwenyewe.