Joto la Aika na Ndizi za Mbege

Jumatano usiku

Nimechoka, lakini bado nacheka peke yangu.

Binti yangu Aika karudi kutoka chuo na mambo yake, eti uhai ulianza wenyewe kwa joto tu. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, ambaye Jumamosi ndiye atamsemea mbele ya wakwe watakapokuja kumposa, akawaka.

"Kitu kikiachwa kinaoza! Hakijipangi chenyewe!"

"Kikiachwa bila joto, Baba Mkubwa. Sisi jua linatuletea joto kila siku."

"Basi Jumamosi jua likusemee."

Nikaogopa atajitoa kweli. Baba yake hayupo hai, ningemwomba nani mwingine?

Walikuwa wamekaa kando ya sufuria ya ndizi za kupikia mbege, pombe yetu ya kuwapokea wageni hao, ndizi ambazo lazima zichemke mfululizo mpaka ziwe nyekundu. Niliona moto unafifia. Nikanyamaza makusudi, nikaendelea kukata majani ya ng'ombe.

Zilipoacha kuchemka ndipo nikapiga kelele: "Nyie mabingwa wa joto, mbona moto umezimika?"

Wote wawili walipiga magoti, wakapuliza mpaka machozi yakawatoka. "Puliza na wewe, profesa," shemeji akakohoa. Aika akacheka, akampangusa majivu kwenye ndevu.

Uhai ulianzaje, Mungu anajua. Shemeji kaniuliza Jumamosi avae koti gani.