Wiki Sita Tunamwagia Sinki

Shoga, nimeaibika maabara leo, sina hamu!

Si unaujua ule mradi wetu wa kutoa kimeng'enya cha kugandisha maziwa kwenye papai bichi? Wiki sita tunapima, hatupati kitu. Leo mwalimu kaniuliza mbele ya darasa zima, "Mkishazungusha rojo la papai kwenye mashine, mnabakiza nini?"

Nikajibu kwa madaha, "Mashapo ya chini, mwalimu. Maji ya juu tunamwaga."

"Mnamwaga?"

"Tunamwaga."

Shoga, kimeng'enya kilikuwa kwenye hayo maji! Wiki sita!!

Mwenzangu wa kikundi kajificha nyuma ya koti langu.

Nikajua tumefeli. Mwalimu kacheka mpaka kavua miwani, kisha kanipa papai jingine. "Rudieni sasa hivi."

Tukarudia. Yale maji tukayatia kwenye maziwa, na maziwa yakaganda! Nimepiga kigelegele mpaka mlinzi kaja mbio!